Wasichana wanaochukuliwa kwenda kazi za ndani baada ya darasa la saba: kijiji kifanye nini?

Mjumbe wa kamati, Tandahimba

Ndugu zangu, mimi ni mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji. Kila mtihani wa darasa la saba unapokwisha mwezi Septemba, huja watu kutoka Dar es Salaam, aghalabu wenyeji wa hapa hapa tunaowafahamu, kutafuta wasichana wa kazi za ndani, na wazazi ambao bado hawajauza korosho hushawishika upesi kwa ahadi ya mshahara na ya kufundishwa cherehani. Baadhi ya wasichana hao hulipwa vizuri. Wengine simu zao huacha kupatikana. Tukihoji, tunajibiwa kwamba mzazi ameridhia. Je, ridhaa hiyo inatuzuia?

Msaidizi wa sheria, Masasi

Ndugu mjumbe, haiwazuii. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, anayesafirishwa ili anyonywe akiwa chini ya umri wa miaka 18, ridhaa yake, ya mzazi au ya mlezi haiwi utetezi mahakamani. Wala si lazima avushwe mpaka. Sisi tunaoishi jirani na Mto Ruvuma hudhani jambo hili linahusu safari za Msumbiji tu, ilhali binti anayetolewa Newala, akafungiwa ndani ya nyumba ya mtu Dar es Salaam na kutumikishwa bila ujira, analindwa na sheria hiyo hiyo. Tena, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu kabisa aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa, na wahitimu wengi wa darasa la saba wako karibu na umri huo.

Mtendaji mstaafu, Nachingwea

Wekeni daftari kwa mtendaji wa kijiji, kama tulivyofanya sisi. Anayemchukua kijana aandikishe kitambulisho chake, namba ya simu na mtaa anakoishi, kisha mtendaji ampigie mwenyekiti wa mtaa huo kabla ya siku ya safari. Mwenye nia njema hatakataa kuandikwa. Anayeharakisha basi la alfajiri ndiye wa kuulizwa zaidi.

Mama, Lindi mjini

Shikamooni wakubwa. Naomba tusiwasahau wanaorudi. Binti akirudi mikono mitupu, swali la kwanza nyumbani huwa ameleta nini, naye hunyamaza, na mara nyingi yaliyompata hujulikana kwa kungwi wake au kwa bibi kabla ya kufika kwa mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo makungwi waingizwe katika kamati, na wajue kwamba namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure na kwamba kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Afisa ustawi wa jamii naye aitwe mapema, kwa sababu shauri likimalizwa kifamilia kwa fidia ya fedha, yule mchukuaji hurudi mwaka unaofuata kwa jirani.

Mjumbe wa kamati, Tandahimba

Marahaba, na ahsanteni nyote. Suala la daftari na la makungwi nitayafikisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya Septemba. Mzee wangu wa Nachingwea, je, mchukuaji akiwa ni shangazi wa mtoto, naye mlimwandika?

Mtendaji mstaafu, Nachingwea

Tulimwandika kama wengine.