Akvaviti za Denmaki, Norwei na Uswidi: mbona zote tatu zina ladha moja?

Swali (Soweto, Moshi)
Habari za jioni, ndugu zangu. Shemeji yangu aliyerejea kutoka masomoni Oslo aliniletea chupa tatu za akvaviti, ile pombe kali ya nchi za Skandinavia: Aalborg Taffel ya Denmaki, Linie ya Norwei na O.P. Anderson ya Uswidi. Niliambiwa hunywewa baridi, hivyo nikazilaza zote kwenye friza usiku kucha, na Jumapili nikazionja pamoja na kaka zangu. Tuliambulia ukali na harufu ya kisibiti tu, na hakuna aliyeweza kuzitofautisha akiwa amefumba macho. Tumekosea wapi?

Jibu (Njiro, Arusha)
Ndugu, friza ndiyo iliyowanyima ladha. Kufanana kwa harufu si ajabu, kwani kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka akvaviti ikolezwe kwa kisibiti au mbegu za kiungo kiitwacho dili, na kilevi kisipungue asilimia 37.5. Tofauti kubwa huletwa na pipa. Taffel, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1846, ni nyeupe kama maji na ina asilimia 45, nayo Wadenmaki huinywa baridi sana pamoja na samaki wa heringi aliyelowekwa kwenye siki. Linie hutokana na viazi mviringo, hukaa kwenye mapipa yaliyowahi kuhifadhi sheri (divai kali ya Uhispania), kisha husafirishwa kwa meli na kuvuka ikweta mara mbili. Desturi hiyo ilitokana na shehena iliyopelekwa Batavia (Jakarta ya leo, Indonesia) mwaka 1805, ikakosa mnunuzi, na iliporudi Norwei mwaka 1807 ikaonekana imekuwa tamu zaidi. Ladha ya mbao hujificha kwenye baridi, ndiyo maana Wanorwei wengi huinywa ikiwa na joto la chumbani.

Jibu (Marangu)
Naongezea kuhusu O.P. Anderson ya tangu 1891: humo kuna pia shamari na anisi, kwa hiyo inuseni kwanza, kama vile mzee anavyoinusa mbege kabla ya kuipokea kata. Anzeni na Taffel, Linie iwe ya mwisho, na iambatane na kitimoto chenye mafuta, kwa sababu Wanorwei nao huinywa na nyama ya nguruwe wakati wa Krismasi.

Muuliza swali
Asanteni sana. Jana niliiacha Linie mezani tangu mchana, nikaimimina kidogo kwenye glasi na kuishika kiganjani kwa muda, na kabla sijaonja nikasikia harufu ya vanila na maganda ya chungwa yaliyokauka. Safari hii kaka yangu mkubwa alizitambua zote tatu bila kutazama, ingawa yeye bado anaipenda zaidi ya Uswidi kwa ajili ya shamari.