Fulana ya kuzuia risasi kwa wavuvi: inaruhusiwa?

Tajiri wa Kayenze:
Wakuu, habari za jioni. Nina mitumbwi mitatu ya dagaa hapa Kayenze, Mwanza, Ziwa Victoria. Giza lililopita, zile siku zisizo na mwezi tunazovua dagaa, vijana wangu walivamiwa upande wa Ukerewe, saa nane usiku. Wale watu walikuwa na bunduki moja na mapanga. Wakachukua mashine mbili za mitumbwi na taa zote. Kijana mmoja alichelewa kufungua mashine, akapigwa panga la bega. Nimekaa naye hospitali siku nne. Mama yake hakugusia mashine wala dagaa, aliniuliza tu nitamlinda vipi mwanawe akirudi ziwani.

Mdogo wangu anaishi Buffalo, jimbo la New York. Nikamwomba fulana kumi na mbili za kuzuia risasi, kila kijana na yake. Muuzaji amemkatalia, eti sheria ya jimbo hairuhusu raia wa kawaida. Bunduki wakizuia naelewa, inaua. Nguo ya kujikinga inamdhuru nani? Na nikiipata, hapa kwetu ni kosa?

Nyegezi Stendi:
Pole sana mkuu, na kijana apone. Sheria hiyo ilizaliwa hapohapo kwa mdogo wako. Tarehe 14 Mei 2022, kwenye duka la Tops, Buffalo, mtu aliyevaa kinga ya namna hiyo aliua watu 10, wote Weusi. Mlinzi wa duka, polisi mstaafu, alimpiga risasi, ikaishia kwenye kinga. Muuaji akamuua mlinzi, akaendelea. Ndiyo maana mwezi uliofuata jimbo likazuia kuuza na kununua, isipokuwa kwa kazi maalumu kama polisi. Mwanzoni iligusa fulana laini, Julai wakaongeza zenye bamba gumu. Sheria ya nchi nzima, ya 2002, inamzuia tu aliyetiwa hatiani kwa uhalifu mkubwa wa kutumia nguvu. Lakini kuzitoa nje ya Marekani nako kuna udhibiti wa Wizara yao ya Biashara. Asichanganye na nguo kwenye mzigo!

Mama Lindo:
Kaka yangu, nimelinda kwenye lindo la silaha miaka tisa, fulana hizi nimezivaa. Usiagize chochote kabla hujafika kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, na barua. Na rangi za mabaka usiguse kabisa: Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba raia wasalimishe sare na nguo zinazofanana nazo.

Sasa nikuambie lililo zito zaidi. Fulana laini huzuia risasi ya bastola, ya bunduki ya vita kama AK inapita. Ya AK inataka bamba gumu, kama la chuma au kauri, na mabamba ya mbele na nyuma yanaweza kufika kilo sita au zaidi. Panga nalo ni habari nyingine, kwa sababu ya risasi haikutengenezwa kwa makali. Halafu kijana wako kaumia bega, na fulana haifuniki bega.

Mzee wa Karabai:
Kilo sita kifuani, usiku, mtumbwi ukipinduka? Mwanangu, huyo hataibuka. Wavalishe jaketi okozi, na waende kundi moja, mitumbwi ionane taa.

Tajiri wa Kayenze:
Mama, hilo la bega limenifunga mdomo. Nimemwambia mdogo wangu aache. Kesho asubuhi mimi na mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi hapa mwaloni, tunakwenda kwa OCD kuomba doria ya giza lijalo. Hela ya fulana nanunua jaketi okozi kumi na mbili. Mama wa kijana nitapita kwake jioni, nikamweleze mwenyewe.