Hivi muswada ukishapita bungeni Rais akagoma kusaini inakuwaje? Na wabunge wanaitikia ndiyo tu au kuna kazi nyingine hatuioni?

kijana_wa_hoja

Wakuu habari za saa hizi. Nimekuwa nafuatilia vikao vya Dodoma kwenye runinga na kuna vitu sivielewi naomba mnisaidie. Waziri anasimama anasoma, mwenyekiti wa kamati naye anasoma, wabunge wanachangia dakika zao, halafu ghafla Spika anahama kiti, anakuja kukaa chini pale mezani, kuna mtu anaanza kutaja "ibara ya kwanza, ibara ya pili" watu wanaitikia ndiyo ndiyo ndiyo mpaka usingizi unakuja. Dakika chache baadae muswada umepita. Sasa kama kila kitu ni ndiyo, huo muswada ulijadiliwa wapi? Alafu swali la pili, tuseme umefika kwa Rais akasema huu sisaini, ndo umekufa au?

Mzee_wa_Kanuni

Kijana umeuliza vizuri. Kwanza elewa kwamba kwa Katiba yetu Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge. Ibara ya 62 hiyo. Kwa hiyo Rais kuweka saini si kama mtu wa nje anapelekewa barua agonge muhuri, na yeye ni sehemu ya kutunga sheria, bila kibali chake hamna sheria.

Hapo kwenye kuitikia, Spika akishuka kwenye kiti maana yake Bunge limegeuka kuwa Kamati ya Bunge Zima, na yeye pale anaitwa Mwenyekiti. Anayetaja ibara ni Katibu. Mbunge anayetaka kubadili kitu hasimami tu akaropoka, anatakiwa awe amepeleka jedwali la marekebisho kwa maandishi mapema, ibara fulani futa maneno haya weka haya. Wewe unaona ibara 40 zinapita mfululizo kwa sababu hazina jedwali la mtu. Ikifika yenye jedwali utaona Mwanasheria Mkuu anasimama, waziri anasimama, wanavutana pale. Ukiona hawavutani kabisa ujue yalishaisha kwenye kamati ya kudumu huko nyuma, yaani kundi dogo la wabunge linaloupitia muswada kabla haujarudi ukumbini.

Mtiririko wenyewe: serikali inaandaa, unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza (hapo kinasomwa kichwa chake tu hakuna mjadala), unaenda kamati, unarudi kusomwa mara ya pili ndo mjadala unaouona kwenye runinga, Kamati ya Bunge Zima, mara ya tatu, kwisha.

mdau_wa_kamati

Naongezea kwa Mzee hapo juu maana kwenye kamati ndo penyewe. Mi nimewahi kwenda kama mdau kwenye muswada mmoja uliokuwa unagusa kazi yetu. Tulikuwa vikundi vingi, kila kundi limepewa muda mfupi sana. Kundi lililotangulia walikuja na hotuba, uzalendo, machozi ya wananchi, mwenyekiti akawasikiliza kwa heshima zote alafu akawauliza sawa, mnataka kifungu kisomekeje? Kimya. Sisi tulikuwa na karatasi ya safu tatu, kifungu kilivyo, tunavyotaka kisomeke, na sababu mistari miwili. Waandishi wa sheria wa serikali walikuwa wamekaa palepale pembeni wanaandika, na tulipofika kwenye tafsiri ya neno moja kwenye kifungu cha 3 mmoja wao akaomba turudie ili achukue maneno yetu yalivyo. Kifungu kile kilibadilika kabla hakijafika ukumbini. Vingine vinne tulivyopeleka vilitupwa lakini ndo hivyo.

Kwa hiyo ukisema wanaitikia ndiyo tu, nakuelewa, ila unaangalia mwisho wa mchezo.

tausi_mweupe

Mdau unapamba sana 😅 hiyo ni pale muswada unapokwenda kwa mwendo wake wa kawaida. Ukija kwa hati ya dharura, yaani serikali imeomba upitishwe harakaharaka, je? 2017 zile sheria za rasilimali na madini zililetwa kwa dharura, siku chache zikawa zimepita, hapo mdau wa mkoani hata nauli hajapata kura zimeshapigwa. Mi sipingi zile sheria zenyewe, napinga kukimbizana. Linganisha na ule wa bima ya afya kwa wote, uliletwa 2022, ukasogezwa, watu wakasema waliyosema kuhusu wapi hela itatoka, ukaja kupita Novemba 2023. Wenye haraka walilalamika ila ule muda ulikuwa na faida.

Na mbunge mmoja mmoja naye anaruhusiwa kuleta muswada wake binafsi lakini ni nadra, maana Ibara ya 99 inasema jambo la kuongeza kodi au kutoa hela Mfuko Mkuu (hazina ya serikali) lazima pendekezo litoke kwa Rais kupitia waziri. Niambie ni sheria gani ya maana haigusi hela.

kijana_wa_hoja

Asanteni sana kumbe kuna mambo. Lakini swali la Rais kugoma bado halijajibiwa wakuu.

Mzee_wa_Kanuni

Nilikuwa nakuja huko. Soma Ibara ya 97. Rais akikataa anaurudisha bungeni na sababu zake. Ukisharudi hauwezi kupelekwa tena kwake mpaka miezi sita ipite, labda kama wabunge wasiopungua theluthi mbili ya wabunge WOTE wameuunga mkono, wote sio waliohudhuria siku hiyo. Wakifikisha hiyo theluthi mbili na kuurudisha kabla ya miezi sita, Rais ana siku 21, asaini, asiposaini inabidi avunje Bunge.

Na utamu uko hapa, Ibara ya 38 inasema Bunge likivunjwa na kiti cha Rais kinakuwa wazi. Yaani wote mnarudi kwa wananchi kuomba kura, mbunge na mkopo wake wa gari na Rais na msafara wake. Nani anataka hayo? Kwa hiyo ugomvi wa namna hiyo unamalizwa ndani, kwenye vikao vya chama, kabla karatasi haijafika mezani kwa mtu. Hata bajeti ni hivyohivyo, Bunge likiikataa ni moja ya sababu za Rais kulivunja, na ndo maana siku ya bajeti wanaitwa majina mmoja mmoja, hakuna kujificha kwenye sauti ya wengi.

pwani_pwani

Msisahau na sisi wa visiwani jamani. Sheria ikipita Dodoma haivuki bahari hivihivi, ya mambo yasiyo ya Muungano huku inatungwa na Baraza la Wawakilishi. Na kubadili Katiba kwenye yale mambo ya Muungano yaliyoorodheshwa kunataka theluthi mbili ya wabunge wa bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande unahesabiwa peke yake. Baraza letu pia linapeleka wabunge watano huko kwenu.

tausi_mweupe

Alafu Rais akisaini usidhani kesho yake inaanza. Sheria nyingi zimeandikwa itaanza tarehe ambayo waziri ataitangaza kwenye Gazeti la Serikali, na kanuni zake anatunga waziri huyohuyo. Unaweza kuwa na sheria imesainiwa inakaa tu inasubiri tangazo.

kijana_wa_hoja

Daah. Sasa mtu wa kawaida ambaye hana kikundi anapelekaje maoni?

mdau_wa_kamati

Kamati zikianza kupokea maoni Ofisi ya Bunge inatoa tangazo, miswada yenyewe inawekwa kwenye tovuti ya Bunge. Andika kwa Katibu wa Bunge, taja jina la muswada na namba ya kifungu. Ukurasa mmoja unatosha. Ukikwama kwenye kupanga ile karatasi ya safu tatu weka hapa tukusaidie.