Treni ya umeme ikifika Mwanza, stesheni ya zamani tuifanye nini?

Mleta mada

Mwangaluka wakuu. Jana kijiweni Igogo tulibishana mpaka kahawa ikapoa, nikaona heri nilete hapa. Reli ya kisasa ikishaanza kazi Mwanza, ile stesheni yetu ya mjini ibomolewe, igeuzwe makumbusho, au iendelee kupokea treni?

Mimi nasema iendelee kupokea treni, na si kwa kulilia kuta kuukuu. Wajerumani walianza reli ya kati Dar mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma 1914. Mwanza hawakuileta. Pamba ya Usukumani ilikuwa ikipakiwa melini mpaka Kisumu, ikapanda treni ya kwenda Mombasa. Tawi la kutoka Tabora lilitufikia 1928, enzi za Mwingereza, na likaletwa mpaka majini makusudi ili behewa na meli vikutane. Mpaka leo abiria wa Bukoba anashuka na begi lake, anatembea kwa miguu kwenda bandari ya Kaskazini.

Sasa tunajengewa kilomita 341 za reli kutoka Isaka, njia za kupishania zikiwemo, jiwe la msingi liliwekwa Misungwi Juni 2021. Treni za umeme zinakimbia 160 kwa saa. Safi sana. Lakini njia ya zamani inayotoka Fela kule Misungwi, ikapita Mkuyuni na Igogo mpaka katikati ya mji, ni barabara isiyo na foleni ambayo tayari tunayo. Dar walifanya hivyo Oktoba 2012: walichukua reli ileile ya zamani wakaweka treni ya Ubungo hadi Stesheni, watu wakaiita ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Anayepita barabara ya Kenyatta saa kumi na mbili jioni atanielewa.

Kijana wa Buhongwa

Mkuu, nakuheshimu ila hapo umeongozwa na moyo. Mji huu juu mawe, chini ziwa. Ardhi tambarare katikati ya mji ni ya kutafuta kwa tochi, na wewe unataka ikaliwe na mabehewa yanayosinzia! Machinga wamebanana Makoroboi mpaka mtu anapita ubavu. Pale pajengwe soko la ghorofa, maegesho, na kituo cha daladala. Mbona mabasi yapo Nyegezi na Nyamhongolo na hatujafa? Hata Nairobi, stesheni ya SGR, reli yao ya kisasa, iko Syokimau, nje kabisa ya mji, na tangu 2017 watu wanapanda.

Mleta mada

Mdogo wangu, mfano wako umekugeuka. Abiria akishuka Syokimau anafikaje mjini? Kuna treni nyingine inayomsubiri, inapita reli ya zamani na kumshusha kwenye stesheni ileile ya kale katikati ya Nairobi. Wangeibomoa wangempitisha wapi? Dar nao, ile stesheni mpya ya vioo iko jirani na ya zamani, hawakuikimbia.

Mstaafu wa reli

Wanangu, nimekaa kimya nikaona mnagombania jengo. Jengo ni dogo. Tazameni geji.

Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Mpya ni 1,435. Behewa la huku halitembei kule, hata ulibembeleze. Pale bandari ya Mwanza Kusini kuna gati la meli ya mabehewa, MV Umoja. Meli ile ndani ina reli, na reli zake ni za geji ya mita moja. Behewa linasukumwa mpaka tumboni mwa meli, linavuka ziwa, likifika Port Bell Uganda linatolewa na kichwa kingine, linaendelea na safari bila mzigo kuguswa na kuli hata mmoja. Gati la Port Bell nalo ni la mita moja, na reli inayotoka hapo kwenda Kampala vilevile.

Kwa hiyo ukisema “tung'oe ya zamani mjini”, unakata mkono unaolisha bandari. Mzigo wa Uganda ukija na treni mpya utabidi ufaulishwe: kreni inanyanyua kontena huku inaweka kule. Linawezekana, ila kila unyanyuaji ni pesa na ni muda. Njia nyingine ni kuweka reli ya tatu kwenye mataruma yaleyale, geji mbili zikae pamoja kuanzia yadi mpaka gatini. Hilo ndilo ningependa mlipiganie.

Majirani wa Kenya wamelijua hili kwa gharama. SGR yao ilipoishia karibu na Naivasha mwaka 2019, mzigo wa Malaba, mpakani na Uganda, ulibaki unaning'inia, ikabidi warudi kuifufua reli ya Mwingereza waliyoanza kuisahau.

Mama Dagaa, Kirumba

Shikamoo mzee. Nyie vijana mmeongea abiria na makontena, sisi wa magunia mmetuacha sokoni Mwaloni. Treni ya umeme nimeipanda Dodoma kwenda Dar. Baridi kama jokofu, saa chache tu nimefika, namshukuru Mungu. Lakini ile ni ya mtu na begi, gunia zangu kumi za dagaa hazina kiti mle. Zinapanda ile ya zamani, au zinapanda lori kwa bei ya mwenye lori.

Wala sisemi ya zamani ni malaika. Mwaka mmoja maji yalisomba reli huko kati ya Kilosa na Gulwe, tukalala Dodoma siku nne. Dagaa ikapata unyevu, nikaiuza kama chakula cha kuku, na aliyenikatia risiti ya mzigo hakupokea simu tena. Hata hivyo nitaipanda. Na kuku wa stesheni ya Saranda wa kununulia dirishani, kwenye treni isiyofunguka madirisha nitamnunuaje?

Kijana wa Buhongwa

Mama umenichekesha, pole na dagaa. Mzee shikamoo, hilo la geji sikulijua, nalipokea. Basi yadi na njia ya kwenda Mwanza Kusini zibaki. Ila jengo la abiria bado sijashawishika. Treni chache kwa wiki, halafu siku zilizobaki uwanja mzima unakaa na mbuzi?

Mleta mada

Ndiyo maana nikasema treni ya mjini. Asubuhi na jioni kila siku, si mara chache kwa wiki.

Mstaafu wa reli

Mleta mada, na wewe usipite bila kuulizwa. Kutunza geji mbili ni mafundi wa aina mbili, vipuri vya aina mbili, karakana mbili. Nauli ya Fela mjini haiwezi kuzidi sana ya daladala, watu watabaki kwenye daladala. Hiyo tofauti atailipa nani? Na makutano ya reli na barabara pale Mkuyuni, treni ikipita mara nane kwa siku, foleni unayoikimbia utaiongeza wewe mwenyewe, labda wajenge daraja la kupita juu.

Mleta mada

Mzee, hapo umenibana. La makutano sikulifikiria. La gharama nilitegemea mzigo wa bandarini ubebe njia, abiria walipie mafuta na wafanyakazi tu, lakini sina hesabu mkononi.

Mama Dagaa, Kirumba

Basi itafuteni hiyo hesabu, na humo muweke gunia. Mimi kesho saa kumi alfajiri niko Mwaloni, atakayetaka kujua mzigo wa kwenda Dar unavyopatiwa usafiri aje aone.