Maktaba ya chuo cha afya ianzie wapi katika kuleta usawa kwenye utafiti wa tiba?

Bi Mkutubi aliuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mkutubi katika chuo cha sayansi za afya hapa Tanzania. Nimeagizwa kuandaa mpango wa mwaka mmoja unaoonyesha jinsi maktaba yetu itakavyochangia usawa na ujumuishi katika utafiti wa tiba, na bajeti niliyopewa ni ndogo kiasi kwamba nikigharamia jambo moja, jingine litasubiri mwakani.

Kilichonisukuma kuandika ni jambo la wiki iliyopita. Mwanafunzi wa famasia alikuja kutafuta makala kuhusu kiasi kinachofaa cha efavirenz, dawa ya kupunguza makali ya VVU, kwa watu wazima wanaoishi na virusi hivyo. Tulikaa kwenye kompyuta karibu saa mbili, na takriban kila tulichokipata kilihusu wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Siku mbili baadaye, nikitafuta kitu kingine kabisa, nilifungua boksi lililo chini ya ngazi nikakuta tasnifu ya uzamili iliyoandikwa hapa hapa chuoni, juu ya wagonjwa wa mkoa huu waliotumia dawa hiyo hiyo. Haikuwa imeorodheshwa popote. Jalada lilikuwa limeshaanza kuliwa na mchwa, lakini majedwali yote yalisomeka.

Naomba ushauri wenu: nianze kwa kuongeza majarida ya nje, au nianze na boksi hilo?

Mfamasia Mtafiti alijibu:

Bi Mkutubi, mfano wako umegusa penyewe. Mwili huivunja efavirenz kwa msaada wa kimeng'enya kinachotokana na jeni iitwayo CYP2B6, na aina ya jeni hiyo inayofanya kazi polepole huonekana zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu. Kwa mtu mwenye aina hiyo, zile miligramu 600 zilizokuwa kipimo cha kila mtu mzima huacha dawa nyingi mno katika damu, na mgonjwa anayelalamika CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, kwamba ana kizunguzungu na ndoto za kutisha anaweza kuwa anaeleza jambo hilo hasa. Kwa hiyo tasnifu kama ile uliyoikuta ina uzito mkubwa.

Mwaka 2016 jarida la Nature lilichapisha hesabu inayoonyesha kwamba asilimia 81 ya washiriki wa tafiti za kuchunguza jenomu nzima, yaani taarifa zote za kinasaba za mtu, walikuwa na asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 3 tu. Hasara hiyo ni ya dunia nzima. Mabadiliko ya jeni ya PCSK9 yanayoshusha sana lehemu (kolesteroli) katika damu yalibainika mwaka 2005 kwa Wamarekani weusi wa Dallas, na elimu hiyo ilichangia kutengenezwa kwa dawa zinazotumiwa leo na watu wa kila rangi.

Kuhusu fedha, usinunue jarida lolote kabla ya kuhakikisha kwamba Hinari inafanya kazi chuoni kwenu. Mpango huo wa Shirika la Afya Duniani, unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba mtandaoni, ulianza mwaka 2002, na taasisi za Tanzania haziulipii. Nimeona vyuo ambavyo nywila inajulikana na mtu mmoja, na akihama, chuo kizima kinakosa huduma. Wafundishe wanafunzi pia kutafuta kwenye African Journals Online na African Index Medicus, kwa sababu majarida mengi ya Afrika hayaonekani katika PubMed, ile hifadhidata ya Marekani ya makala za tiba, na mwanafunzi anayeishia huko ataamini kwamba kwetu hakuna kilichofanyika.

Mfasiri wa Pwani alijibu:

Nami naongeza upande wa lugha. Nimetafsiri fomu za ridhaa za tafiti kwa miaka kadhaa huku Pwani ya Kenya. Fomu moja ya jaribio la dawa ya watoto ilitumia neno la kamusi, kipozauongo. Mama mmoja aliyempakata mwanawe alinikatiza nikisoma, akauliza: "Kwa hivyo mwanangu mtamdanganya?" Katika fomu hiyo hiyo, kugawa watoto katika makundi kuliitwa bahati nasibu, na mzee mmoja akasema waziwazi kwamba kamari ni haramu na yeye hawezi kumchezea mjukuu wake. Ilibidi tukae na wazee na akina mama hadi tukakubaliana kusema "kidonge kisicho na dawa ndani yake", na mgawanyo tukaueleza kwa karatasi zilizokunjwa ndani ya kikapu, ambapo si daktari wala mzazi anayechagua.

Huku bado watu wanazungumza habari za mumiani. Mtafiti anayekuja kuchukua damu za watu bila maelezo yanayoeleweka huikuta hofu hiyo imemtangulia mlangoni. Kinachoniuma ni kwamba fomu ikishapitishwa na kamati ya maadili hufungiwa kabatini, na mradi unaofuata hurudia kosa lile lile. Maktaba inaweza kuzikusanya fomu hizo pamoja na maneno ambayo wananchi wenyewe waliyakubali.

Mkunga alijibu:

Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia. Tusidhani kwamba utafiti ukifanyika Afrika basi haki imetendeka. Wajawazito wangu wenye malaria katika miezi mitatu ya kwanza walipewa kwinini, vidonge mara tatu kwa siku kwa siku saba, masikio yakivuma na kichefuchefu kikiwazidi, na baadhi yao waliacha dawa siku ya tatu, huku jirani asiye na mimba akinywa dawa ya mseto kwa siku tatu na kupona. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hiyo ya mseto, ALu, kwa miezi hiyo ya mwanzo mwishoni mwa mwaka 2022. Tulisubiri hivyo kwa sababu wajawazito hawakuingizwa kwenye majaribio, na ushahidi ulikusanywa polepole, kwa sehemu kubwa kutoka kwa wanawake waliomeza dawa hiyo kabla ya kujua kwamba wana mimba.

Kwa hiyo unapoorodhesha tasnifu zako, andika pia ni nani waliochunguzwa: wanawake wangapi, wajawazito walikuwamo au waliachwa, walitoka mjini au vijijini, wenye ulemavu walifikiwa au la. Anayetafuta ataona papo hapo ni nani anayekosekana.

Bi Mkutubi:

Nawashukuru sana. Nimeamua kuanza na boksi. Leo asubuhi nimezihesabu tasnifu 43, na nitawatafuta waandishi wake kwa ajili ya ruhusa kabla ya kuziweka mtandaoni. Safu aliyoipendekeza Mkunga nimeshaiongeza kwenye orodha, na katika tasnifu tisa nilizozipitia, saba hazisemi lolote kuhusu wajawazito. Nywila ya Hinari sasa iko kwa watu watatu.

Mwanafunzi wa famasia ameichukua tasnifu ya efavirenz. Nimemwomba aandike muhtasari wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachozungumzwa kliniki, ili urudi kule walikotoka wagonjwa wale. Mfasiri, nikikutumia rasimu utaisoma?

Mfasiri wa Pwani:

Itume. Ila kabla sijaisoma mimi, msomeeni kwa sauti mgonjwa mmoja, kisha mnitumie na maswali atakayoyauliza.