Nina Hashimoto, mizani imeganda kilo 84

Subira: Habari zenu wapendwa. Kinga ya mwili wangu inaishambulia tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, nameza levothairoksini (homoni ya tezi ya vidonge) mwezi wa tano sasa. Natembea kila jioni, nimejinyima chakula mpaka naona kizunguzungu, na bado pete haipiti kidoleni. Wenzangu mlipunguaje?

MamaPacha: Pole sana dada. Kizunguzungu si dalili njema, kula. Dawa unaimeza vipi? Mimi nilikuwa naichanganya na vidonge vya madini ya chuma, kumbe vinaizuia isifyonzwe. Nikavitenganisha kwa muda wa saa 4, na dawa nikawa naimeza kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. TSH (homoni inayopimwa kwenye damu, hupanda tezi ikizembea) ikashuka, uchovu ukapungua kwanza, uzito baadaye.

Mzee Tulivu: Uzito unaoletwa na tezi yenyewe mara nyingi ni kilo chache tu, sehemu kubwa maji na chumvi. Nakuomba usijiongezee dozi ili upungue, moyo utaumia. Dozi ikibadilishwa, TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Subira: Jamani, mimi nameza pamoja na kalsiamu kila asubuhi! Kesho namwona daktari.