Nani kamwambukiza nani? Naomba ushauri wa utafiti wa uzamivu: mbwa, mifugo, nyumbu na watu wa Simanjiro

BintiMaabara

Shikamooni wakubwa, na rika langu habari zenu.

Nimeanza uzamivu Morogoro, upande wa magonjwa yanayovuka kati ya wanyama na watu. Eneo langu ni vijiji vya Simanjiro, mashariki mwa Tarangire, kule nyumbu wanakotoka hifadhini kwenda kuzaa wakati wa mvua. Kwenye andiko nimeweka ng'ombe, mbuzi, kondoo, mbwa, nyumbu, pamoja na watu wa boma hilohilo. Msimamizi amelipenda, anasema hii ndiyo Afya Moja yenyewe, yaani kutazama afya ya watu, wanyama na mazingira kwa pamoja. Mpango ni kuchukua damu kwa wote, kupima kingamwili (alama zinazobaki kwenye damu mwili ukishakutana na kijidudu) za brusela, homa ya Q na lepto, magonjwa matatu ya bakteria yanayovuka kutoka kwa wanyama kwenda kwa watu, halafu kulinganisha.

Sasa kinachoninyima usingizi: nikikuta kingamwili za brusela kwa mbuzi, kwa mbwa na kwa mama mwenye boma, nitasemaje nani kamwambukiza nani? Kamati itaanza na hilo, najua. La pili, watu wa kule wamechoka kutolewa damu. Mliofanya kazi hii uwandani naomba mnishauri kabla sijaomba vibali.

DaktariWaJosho

Marahaba mwanangu, na hongera. Mimi ni daktari wa mifugo, nimezeekea kwenye wilaya za wafugaji. Hilo swali lako la kwanza ndilo utafiti wenyewe, kwa hiyo usilikimbie.

Kingamwili inakwambia mnyama alikutana na kijidudu. Lini, kwa nani, na kama yeye naye anaweza kumpa mwingine, haikwambii. Kwa brusela tatizo ni kubwa zaidi. Unakijua kipimo cha Rose Bengal: tone la seramu, yale majimaji ya damu, na tone la dawa ya waridi kwenye kigae cheupe, unatikisa taratibu dakika nne, unaangalia kama vinagandana chembechembe. Vikigandana, hujui kama ni *Brucella abortus*, ambayo makao yake ni ng'ombe, au *Brucella melitensis* ya mbuzi na kondoo. Na ng'ombe aliyechanjwa S19, chanjo ya brusela, anaweza kugandisha vilevile. Mbwa naye ana brusela yake, *canis*, ambayo kipimo hicho hakiioni kabisa. Kwa hiyo mbwa wa boma akigandisha Rose Bengal, mshuku kwanza alichokula kwenye zizi kabla hujamwita chanzo. Mpaka hapo tayari una sura moja ya tasnifu.

Ukitaka mwelekeo wa maambukizi, mfuate kijidudu mwenyewe. Chukua maziwa, usufi wa ukeni kwa mbuzi aliyetupa mimba (brusela ndivyo inavyojionesha kwa mifugo), kondo la nyuma, na damu ya mgonjwa mwenye homa, kisha visomwe vinasaba. Kuotesha usikufanye kwenye maabara ya kawaida hata kidogo. Brusela inaruka hewani ukifungua sahani, na wataalamu wengi duniani wameipata kazini. Omba nafasi kwenye maabara yenye ulinzi wa daraja la tatu, na kama haipo, vijidudu kwenye sampuli viuliwe mapema, ufanye PCR, kipimo cha kutafuta vinasaba vyao.

Sasa nikueleze kwa nini ninalisisitiza hili la mwelekeo, maana kanda yetu hii ina mafunzo yote.

Sotoka kwanza, ile tauni ya ng'ombe. Nyumbu wa Serengeti walikuwa wakifa, hasa ndama, na wengi waliamini pori ndilo hifadhi ya ugonjwa. Ng'ombe wa pembezoni walipochanjwa kuanzia miaka ya 1950 kwenda 1960, sotoka ilitoweka kwa nyumbu bila nyumbu hata mmoja kudungwa sindano. Kutoka robo milioni hivi wakafika zaidi ya milioni moja kufikia mwisho wa miaka ya 1970. Chanzo kilikuwa zizini. Uthibitisho haukutoka kwenye kingamwili, ulitokana na kuzima upande mmoja na kuangalia upande wa pili unafanya nini.

Halafu simba. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, iliua simba wa Serengeti wapatao 1,000, theluthi nzima. Vidole vyote vikaelekezwa kwa mbwa wa vijijini, na mbwa wakaanza kuchanjwa kuzunguka hifadhi. Chanjo ile ni jambo jema kwa mbwa, na kwa watu pia kwa sababu iliambatana na ya kichaa cha mbwa. Lakini uchambuzi wa kingamwili za miaka mingi, uliochapishwa 2015, ulionesha virusi viliendelea kuwafikia simba hata baada ya chanjo. Mbwa hawakuwa chanzo pekee. Ungeishia kwenye sampuli za msimu mmoja ungewahukumu mbwa na kufunga faili.

Kinyume chake ni ugonjwa wa nyumbu, ule unaofumba ng'ombe macho kwa ukungu mweupe na kumtoa makamasi mazito mpaka anakufa. Nyumbu hata haumwi. Ndama wake wachanga ndio wanaomwaga virusi, na ng'ombe akishaugua hamwambukizi mwenzake. Wamaasai walikuwa wanahamisha ng'ombe kwenye mbuga za kuzalia kabla maabara yoyote haijaeleza sababu. Unaenda Simanjiro, utawakuta wakifanya hivyo mpaka leo. Waulize, wanayajua mengi ya kukufaa.

Ushauri wangu: nyumbu waache. Kumpata nyumbu mmoja unahitaji kibali cha TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, daktari wa wanyamapori, bunduki ya sindano na gari siku nzima. Ukiwapata wachache, hawatakujibu chochote. Homa ya Q na lepto nazo zitoe, au zibaki kama vipimo vya ziada kwa damu ya wagonjwa. Shika brusela uifikishe mwisho: mbuzi, kondoo, ng'ombe, mbwa, watu. Afya Moja si kuhesabu aina za wanyama kwenye jedwali.

NesiWaZahanati

Namuunga mkono daktari, naongezea upande wetu. Mdogo wangu, usianzie kwa watu wazima wenye afya bomani. Anzia kwa wanaokuja na homa.

Kuna utafiti wa Moshi wa 2007 na 2008, katika hospitali mbili, kwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Walioandikiwa malaria walikuwa asilimia 60. Waliokuwa nayo kweli hawakufika asilimia 2. Katika walewale, lepto, homa ya Q, homa za kupe na brusela zilikuwa zimejaa, na hakuna aliyezifikiria. Nakuhakikishia hali hiyo sisi wa chini tunaiona kila wiki. Mama anakuja na homa ya jioni, jasho la usiku, kiuno na magoti vinauma, mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, inasema hana malaria, anapewa dawa mseto ya malaria hivyohivyo. Anarudi baada ya mwezi.

Na tafadhali sana, majibu yarudi mapema. Brusela inatibika, lakini dozi yake ni doksisaiklini wiki sita pamoja na dawa nyingine kama rifampisini. Mgonjwa akipata nafuu wiki ya pili anaacha na ugonjwa unarudi. Ukimtoa mtu damu, ukakuta ana brusela, ukakaa na jibu lako mpaka tasnifu ichapwe, huo si utafiti ninaoweza kukusaidia. Weka bajeti ya dawa na nauli za wagonjwa humohumo kwenye andiko la NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu inayotoa kibali. Ukiandika tangu mwanzo watakuelewa.

MtotoWaBoma

Dada karibu sana nyumbani. Mimi ni wa kule, mama yangu anafuga mbuzi.

Watafiti wengi wanakuja na dodoso wanaongea na mzee. Mzee atakwambia ana ng'ombe wangapi, lakini mbuzi anayezaa usiku hamshiki yeye. Anayemshika ni mama, ndani ya nyumba, kwa tochi ya simu au bila taa. Mbuzi akikwama, mama anapaka mkono mafuta ya kupikia anaingiza mpaka kiganja kipotee, anamgeuza mtoto, anamvuta. Yule mtoto anafutwa pua na mdomo kwa vidole, mara nyingine mama anampulizia puani kwa mdomo wake ili apumue. Kondo likitoka linatupwa nje ya mlango. Mbwa yupo pale anasubiri, na asubuhi mbwa huyohuyo anawalamba watoto. Vitoto dhaifu vinalala na watu, karibu na jiko.

Kwa hiyo swali la "je, unakunywa maziwa mabichi" ni sahihi lakini ni dogo. Uliza nani alizalisha, nani alishika mtoto aliyetupwa, mbwa alikula nini. Na muulize mama mwenyewe, kupitia mwanamke anayejua Kimaasai, si mbele ya mume.

Kuhusu kuchoka kutoa damu: watu hawakatai sindano. Wanakataa kutojua damu imeenda wapi. Kabla hujaomba kwa mwenyekiti wa kijiji nenda kwa laigwanani, kiongozi wa jadi wa Wamaasai, kaa, kunywa chai, eleza. Sema wazi utarudi na nini na lini. Ukirudi kweli boma la kwanza, maboma mengine yatakutafuta yenyewe. Na ukiweza njoo na chanjo ya kichaa kwa mbwa. Hiyo watu wanaielewa mara moja, kila mtu anamjua mtoto aliyeng'atwa.

DaktariWaJosho

Kwa hili la chanjo naongeza. Ukiwa na mbwa mkononi wa kumtoa damu, kumchanja ni dakika moja zaidi, na kizingiti cha kuzuia kichaa ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Pemba wameonesha inawezekana. Walianza kampeni 2010, kichaa kikatoweka 2014, kikaingia tena 2016 kutoka nje ya kisiwa, wakakiondoa tena kufikia 2018. Namna walivyojua kiliingia kutoka nje ndiyo somo lako, mwanangu: walifuatilia kila aliyeng'atwa, mbwa gani, naye aling'atwa na nani, halafu wakalinganisha na vinasaba vya virusi. Wapelelezi wa miguu na maabara pamoja. Fanya hivyohivyo kwa brusela. Anza na mgonjwa wa nesi, rudi naye bomani, tafuta mbuzi aliyetupa mimba.

BintiMaabara

Asanteni sana wote, jana nililala. Nimekaa na msimamizi leo asubuhi. Nyumbu ametoka, lepto imetoka, homa ya Q imebaki kwa damu ya wagonjwa tu. Swali kuu sasa ni moja: kwa wagonjwa wenye brusela iliyothibitishwa, kijidudu chao kinafanana na cha mnyama yupi wa boma lao? Sehemu ya uzazi nimeiandika upya kwa maelezo ya MtotoWaBoma, na nitaajiri wasaidizi wanawake wawili wa palepale.

Bado moja, Daktari. Kondo na vitoto vilivyotupwa, tukishachukua sampuli, vilivyobaki tunafanyaje bomani?

DaktariWaJosho

Vaeni glavu ndefu za mpaka begani, miwani na barakoa. Mjamzito katika timu yenu asiguse kabisa. Chimbeni shimo refu mbali na maji, tupeni humo, mwagieni chokaa, fukieni, juu wekeni mawe ili mbwa asifukue. Pale mlipochukulia sampuli mwagieni dawa ya klorini. Na fanyeni hayo mbele ya mama wa boma, glavu mbili tatu mwachieni, mwonesheni kuzivua bila kugusa upande wa nje. Kuzaa kutakuwapo hata mkishaondoka.